Mchicha na Kabichi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mboga mbili mzijuazo nyote: mchicha na kabichi.

Mtu akiingia Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, huziona zote mbili. Mchicha hulimwa papa hapa Unguja, katika mabonde yenye maji; kabichi nyingi huvushwa bahari kutoka bara, khasa milima ya Usambara. Kwa sababu hiyo wako watu wanaodhani kabichi ni mboga ya heshima, na mchicha ni mboga ya mtu asiye na kitu. Mgeni akija, hupikiwa kabichi. Mchicha huachiwa watoto. Je, dhana hii ni ya haki? Na tuzipime.

Katika gramu 100 za mchicha mbichi mna vitamini A kiasi cha maikrogramu 146; katika kabichi ni 5 tu. Vitamini hii ndiyo ilindayo macho. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri magharibi ikiingia, na akipuuzwa aweza kupofuka kabisa. Madini ya chuma, yanayojenga damu, ni miligramu 2.3 katika mchicha, na katika kabichi hayafiki hata moja. Mama mja mzito ayahitaji sana. Kalsiamu, inayojenga mifupa, ni miligramu 215 kwa 40, ijapokuwa mchicha una asidi inayoizuia sehemu yake isiingie mwilini.

Hata hivyo tusiidhulumu kabichi. Kwa vitamini C haiko mbali na mwenzake, na yaweza kuliwa mbichi katika kachumbari, isipotee kitu motoni. Tena hukaa siku nyingi bila ya kuoza, hali mchicha hunyauka siku ile ile. Nahodha James Cook alipoanza safari yake mwaka 1768 alipakia kabichi iliyochachushwa, ili mabaharia wake wasipatwe na ugonjwa wa kutoka damu ufizini. Na majani ya nje ya kabichi, yale ya kijani tuyatupayo, ndiyo yenye vitamini zaidi kuliko meupe ya ndani.

Lakini mboga njema yaweza kuharibiwa jikoni. Mchicha na uoshwe kabla ya kukatwa, si baada yake. Usichemshwe kwa maji mengi yakamwagwa, kwani vitamini C humwagika pamoja nayo. Upikwe kwa muda mfupi, utiwe tui la nazi, kwa kuwa vitamini A haiingii mwilini vyema pasipo mafuta. Kisha ukamuliwe ndimu wakati wa kula, nayo itausaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Bibi zetu walipika mchicha wa nazi kabla ya neno vitamini kujulikana, wala hawakukosea.

Basi, mwenye nafasi nyuma ya nyumba na apande tuta moja la mchicha. Kwa majuma matatu au manne atachuma, na ukikatwa vizuri huchipua tena. Kabichi na inunuliwe, ni chakula chema; lakini asije mtu akamnyima mwanawe mchicha kwa kuona haya mbele ya jirani.