Mkulima wa Yakobo: Saburi, Tumaini na Kesho ya Mwafrika



Liko wazo ambalo limekaa katika vitabu vyetu vya theolojia kwa zaidi ya nusu karne, na jioni hii nimekuja kupambana nalo. Wazo hilo linasema kwamba Mwafrika, kabla ya kufikiwa na Injili, hakuwa na wakati ujao wa kweli. Alikuwa na mambo ya kale yasiyo na ukomo, akawa na leo iliyojaa shughuli, lakini kesho yake ilikuwa fupi: miezi sita, mwaka, ikizidi sana miaka miwili. Mbele ya hapo hakukuwa na kitu, kwa sababu jambo ambalo halijatokea halikuhesabiwa kuwa wakati.

Mwenye wazo hilo ni Profesa John Samuel Mbiti, mwana wa Mulango, Kitui, aliyezaliwa mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, akafundisha Makerere kwa miaka kumi, akawa mchungaji Uswisi, na kufariki Oktoba 2019. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki akiwa mzee. Mtu wa namna hiyo habishiwi kwa pupa. Kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika ndicho kilichotufungulia mlango sisi sote tunaofundisha somo hili, na utafiti wake juu ya habari za siku za mwisho, uliochapishwa mwaka 1971, uliwakosoa wamisheni wa Africa Inland Mission kwa ujasiri. Alionyesha kwamba waliwafundisha Wakamba mbingu na jehanamu kana kwamba ni vijiji viwili vilivyo nyuma ya kilima, na hapo alisema kweli.

Lakini wazo lake la wakati limezaa watoto ambao yeye mwenyewe asingewakubali. Katika warsha moja ya wachungaji nilimsikia mtu msomi, mwenye nia njema kabisa, akieleza kwa nini makanisa ya miujiza ya papo kwa papo yanafurika huku Nakuru. Alisema Mwafrika hajui kungoja. Saburi, alisema, ni fadhila ambayo wamisheni walijaribu kuipandikiza na ikakataa kushika, kwa hiyo tuwape watu Mungu wa leo. Nilitoka pale nimeudhika, na hasira hiyo ndiyo iliyoandika mhadhara huu.

Tuanze na msingi wa hoja. Mbiti alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba nyakati zinazohusu mambo yajayo hazivuki miaka miwili, akahitimisha kwamba fikra nazo hazivuki hapo. Kutoka kitenzi hadi fikra ni mruko mkubwa. Kijapani hakina umbo maalumu la kitenzi kwa wakati ujao, na hakuna anayethubutu kusema Wajapani hawapangi mambo ya miaka ishirini ijayo. Wanafalsafa Kwame Gyekye na D. A. Masolo wameshughulikia upande huu wa hoja, na walio wa fani wanajua walivyosema. Mimi nataka kushuka mashambani.

Nenda kwa wazee wa Kikalenjin walio hapa mbele. Marika yao yanazunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, na kwa baadhi ya Wakalenjin Korongoro nalo limo. Mzunguko mmoja huchukua takribani miaka mia moja au zaidi, kisha jina linarudi. Mzee anayeketi chini ya mti wake anajua mjukuu wake ataingia rika gani, na rika lipi litafuata, na lipi baada ya hilo. Anaweza kukutajia vijana ambao mama zao hawajazaliwa. Hiyo miaka miwili ya Mbiti iko wapi hapo? Najua jibu ambalo wafuasi wake hutoa: kwamba mzunguko ni kurudia ya kale, kwamba mzee anatazama nyuma hata anapotaja yajayo. Nimelipima jibu hilo kwa miaka mingi na naona lina uzito kiasi. Jina ni la zamani, kweli. Lakini vijana watakaolibeba si wa zamani, na nchi inatunzwa kwa ajili yao. Mtu anayekataza kijana kukata mti kwenye chemchemi kwa sababu ya rika litakalokuja anaishi na wakati ujao, hata kama kitenzi chake hakimsaidii kuutaja.

Au twende upande wa pili wa barabara. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi katika wilaya ya Nakuru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya watu wa kawaida. Ngwataniro na Nyakinyua ni majina ambayo wengi wenu mmeyakuta kwenye hatimiliki za wazazi wenu. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanachama wa kampuni moja ya namna hiyo. Alikuwa kibarua katika shamba la mkonge upande wa Mogotio, akiuza na uji asubuhi kabla ya kengele ya kazi. Risiti zake za hisa alizihifadhi ndani ya mkebe wa Kimbo, juu ya dari, zimefungwa kwa uzi. Nilizisoma baada ya mazishi yake. Zilikuwa risiti za shilingi kumi, shilingi tano, nyingine shilingi ishirini mwezi wa mavuno, zenye alama ya kidole gumba pale ambapo sahihi ingekaa. Alilipa tangu sijaanza shule hadi nilipokuwa karibu kumaliza msingi, ndipo akaonyeshwa shamba. Alikuwa mtu wa ushirika wa Uamsho, akienda kila wiki kuungama na kuomba pamoja na wenzake, na shamba hilo lilitajwa katika maombi hayo wakati ambapo halikuwa chochote ila karatasi. Mama huyo hakusoma Mbiti. Nani atamwambia kwamba kungoja kwake kulikuwa kitu cha kuazimwa?

Na jambo jingine kuhusu kungoja kwake, ambalo nitalihitaji baadaye: hakungoja kimya. Alikwenda ofisi za kampuni Nakuru mjini, yeye na wanawake wenzake, wakaketi sakafuni hadi meneja atoke. Alirudi usiku, akapiga magoti, akamlalamikia Mungu kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Kuhusu haya makanisa ya papo kwa papo, nitasema kidogo, kwa maana historia yake inajulikana. Mafundisho ya kupanda mbegu ya fedha ili uvune baraka hayakutoka kwa wahenga wa Bonde la Ufa. Oral Roberts wa Marekani alichapisha kitabu chake cha imani ya mbegu mwaka 1970, na mafundisho ya aina hiyo yalienea huku kwa kanda, kwa mikutano ya hadhara na kwa televisheni, yakakuta watu waliobanwa na marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, mishahara imeganda na hospitali zimeanza kutoza ada. Mwenye mtoto mgonjwa leo anataka uponyaji leo. Hilo halihitaji nadharia ya wakati wa Kiafrika. Na upande wa pili kuna Shakahola, kule Kilifi, ambako mwaka 2023 na baadaye miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamlaki Bwana. Hao waliiacha leo yote kwa ajili ya siku ya mwisho. Yeyote anayeshikilia kwamba Mwafrika hana kesho inambidi aeleze habari za watu hawa, na sidhani ataweza bila kuipinda nadharia yake mpaka ivunjike. Mwenye kuuza muujiza wa leo na mwenye kuua kwa ajili ya mbingu wamefanya kosa lilelile: wote wawili wameifuta kazi iliyo kati ya leo na siku ile.

Kazi hiyo ndiyo anayoizungumzia Yakobo, na sasa nimefika kwenye maandiko ninayoyapenda kuliko yote. Nisamehewe nikikaa hapa muda mrefu.

Mapokeo yanamtaja mwandishi kuwa Yakobo ndugu wa Bwana, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, ambaye mwanahistoria Yosefo anatuambia aliuawa kwa kupigwa mawe chini ya kuhani mkuu Anano, karibu mwaka 62. Martin Luther aliushusha hadhi waraka huu mwaka 1522, na tangu hapo wasomi wengi wa Ulaya wameupita haraka wakikimbilia Warumi. Huku kwetu tumeupita kwa njia nyingine. Tunausoma kwa vipande. Sura ya 5, aya ya 7 na 8, ile ya mkulima anayengojea mvua ya kwanza na ya mwisho, husomwa katika matanga, katika ukame, katika kufurushwa kwa watu. Nimeisikia ikisomwa tangu njaa ya mwaka 1984, tulipokula mahindi ya manjano. Nimeisikia mwaka 2008 miongoni mwa waliokimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, wakati watu zaidi ya 1,100 walipokuwa wameuawa nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sijasikia mara nyingi mtu akianza aya ya kwanza.

Aya ya kwanza hadi ya sita ni mashtaka. Yakobo anawageukia matajiri wenye mashamba, anawaambia kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele wenyewe, na kwamba kilio cha wavunaji kimemfikia Mungu. Papo hapo, bila kubadilisha mada, anawageukia ndugu na kuwaambia wavumilie. Kwa hiyo wanaoambiwa wavumilie ni vibarua. Ni watu waliodhulumiwa, ambao kesi yao imekwisha kusomwa hadharani kabla hawajaombwa kungoja lolote. Ukianzia aya ya 7 umewaomba wangoje na umeyaficha mashtaka.

Kisha tazama ni mngojaji gani aliyemchagua. Angeweza kumchagua mlinzi langoni, au mgonjwa kitandani. Amemchagua mkulima, na mkulima yeyote wa Rongai anajua kungoja huko ni kitu gani. Unalima Februari. Wengi wetu tunapanda kavu mwezi Machi, mbegu inaingia ardhini kabla ya wingu kuonekana, na kindi wanaifukua. Mvua ikija unapalilia, mhindi ukifika magotini unaweka mbolea ya kukuzia, kisha palizi ya pili. Tangu viwavijeshi vamizi vifike Kenya mwaka 2017, mama zetu wanapita mmea kwa mmea wakitia jivu na mchanga kwenye moyo wa mmea, kwa vidole. Mahindi ya nyanda za juu yanakaa shambani nusu mwaka na zaidi. Baada ya kuvuna bado unaanika mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, la sivyo ghala la Bodi ya Nafaka linakurudisha nayo. Katika muda huo wote mkulima hawezi kuleta tone moja la mvua. Hilo peke yake ndilo asiloliweza. Mengine yote yako mikononi mwake na anayafanya.

Najua pingamizi la aya ya 9, inayokataza kunung'unika. Inakataza kunung'unikiana, ndugu kwa ndugu, jambo ambalo watu walio katika shida hulifanya upesi, wakigeukiana badala ya kumkabili aliyewadhulumu. Mwaka 2008 tuliliona hilo likifika kwenye panga. Kumlilia Mungu hakukatazwa. Ushahidi ni aya ya 11, ambapo kielelezo cha saburi ni Ayubu. Soma Ayubu. Alilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu aje mahakamani, akawaita rafiki zake wafariji wa kuchosha. Huyo ndiye Yakobo anatuonyesha tukiuliza mvumilivu ni nani. Na karibu na mwisho wa sura anakuja Eliya, miaka mitatu na nusu bila mvua, akiomba. Ukame unaingia tena, na mvua inanyesha.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, mvua za masika zikiwa zimelijaza, na maji yakashuka juu ya nyumba za watu, wengi wao vibarua na wakulima wadogo. Watu 48 walikufa, na miongoni mwao walikuwemo watoto wengi. Katika matanga fulani ya mwaka huo nilimsikia mhubiri akisema ni mpango wa Mungu, wafiwa watulie. Mama mmoja mbele yangu aliinuka, akasema: "Mungu hakujenga lile bwawa, mchungaji." Akaketi, akaendelea kuimba na wenzake. Sijapata katika maktaba yoyote ufafanuzi wa Yakobo 5 ulio sahihi kuliko huo. Aliendelea kuimba, hilo pia liwe katika ushahidi.

Karl Marx, mwaka 1844, na wengi wa wenzangu wa sayansi ya jamii tangu hapo, wangesema kwamba uimbaji wake ndio uliomzuia kudai haki. Mahali pengine imekuwa hivyo, na kanisa letu limewahi kuwalaza watu kwa nyimbo, sitalitetea. Lakini waliofuatilia kesi ya bwawa la Solai tangu ilipofika mahakama ya Naivasha, wakipanda matatu kila ilipoahirishwa, miongoni mwao wamo wanaokutana Jumatano kwa maombi. Kudumu miaka mbele ya mahakama kunataka nguvu kutoka mahali fulani. Wao wanasema ni kwa Mungu, nami nawaamini kuliko ninavyomwamini Marx.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa walio humu. Wachungaji, mwakani tarehe 9 Mei msome Yakobo 5 kuanzia aya ya 1, na baada ya kusoma muwape wafiwa nafasi ya kulalamika mbele za Mungu kwa maneno yao, kabla ya mahubiri. Wanafunzi, wale wanawake walionunua ardhi hii kwa shilingi tano tano wamezeeka na wengine wamekwisha kuzikwa. Risiti zao bado ziko darini. Ziandikeni, na muulize kila mmoja aliye hai aliomba nini katika miaka aliyokuwa akilipa. Idara yetu itazipokea kuanzia Jumatatu.