Mvua ya Mwezi wa Aprili Mjini Dar es Salaam

Leo tumekusudia kueleza habari za mwezi wa Aprili mjini Dar es Salaam: joto lake, mvua yake, na yatupasayo kutenda kabla haujaingia.

Kwanza tutaje joto. Mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufikia digrii 32 za sentigredi. Aprili mawingu hulifunika jua, na joto hushuka hata kiasi cha digrii 30 au 31; usiku ni kama 23. Upungufu huo ni mdogo, tena hewa imejaa unyevu, hata jasho halikauki upesi.

Sasa mvua. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote katika mji huu. Kwa wastani wa miaka mingi hunyesha kiasi cha milimita 250, karibu robo ya mvua ya mwaka mzima. Sababu yake ni hii. Mnamo tarehe 21 Machi jua huwa juu ya Ikweta, kisha huelekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata polepole. Wakati huo kaskazi imekwisha nguvu na kusi yaanza kuvuma. Pepo hizo zikutanapo, hewa yenye unyevu wa bahari hupanda juu, hupoa, hugeuka mawingu, na mvua hunyesha.

Milimita 250 ni maji mengi kuliko tudhanivyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la bati lenye kufunika urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 litapokea lita 10,000, yaani madebe 500 ya lita 20. Wanafunzi na wapime nyumba zao, wafanye hesabu hiyo. Mwenye mfereji ukingoni mwa paa na pipa safi atapata akiba. Asiye navyo, maji hayo yatauchimba msingi wa nyumba yake.

Lakini wastani si ahadi. Mvua haijigawi sawasawa kwa siku 30. Yaweza kukawia juma zima, kisha ikanyesha kwa siku moja kiasi cha kufurisha mito. Wala haingoji masika. Tarehe 20 Desemba 2011, wakati wa vuli, mvua kubwa ilianza kunyesha Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi lilifurika, watu zaidi ya 40 walikufa mjini, na serikali ikawahamishia Mabwepande wengi waliokaa mabondeni. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mto uliokauka kwa miaka mingi haujaiacha njia yake, na ajengaye humo amejenga njiani pa maji.

Basi, kazi ianze mwezi wa Machi. Tuzibue mitaro, wala tusitupe takataka humo. Tuzibe matundu ya paa. Tumwage maji yaliyotuama makoponi na vifuuni, kwa kuwa yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au mawili. Tufunike visima, na maji ya kunywa tuyachemshe, maana mafuriko huchukua uchafu wa vyoo na kuutia visimani, na kipindupindu hufuata. Watoto wasivuke maji yaendayo kwa kasi, hata yakiwa ya magotini tu; maji hayo huangusha hata mtu mzima.

Tena tusikilize matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wastani hutuambia ya kutazamia katika mwezi. Tangazo la siku hutuambia kama leo ni siku ya kuhama bondeni. Mwenye kusikia asikawie, na amwambie jirani asiye na redio.