Mzee Akitaka Kupumzika, Karakana Ibaki kwa Nani?



Naomba nianze na hesabu, maana jambo hili la kurithisha karakana wengi huliingia kwa huruma, na hapo ndipo linapoharibika. Tuchukue karakana ya kubuni ya milango na madirisha ya chuma. Mwenyewe ana miaka 63, mafundi wake ni 12, na watoto wake wamesoma, hawataki hata kunusa moshi wa kuchomelea. Baada ya mishahara, pango na kodi, karakana hubakiza shilingi milioni 30 kwa mwaka. Mthamini anasema mashine, wateja na jina, vyote pamoja, ni milioni 120. Ni fundi gani kati ya wale 12 mwenye milioni 120? Hayupo. Mwenye 10 je? Huyo naye hayupo, na angekuwapo angeshafungua ya kwake.

Watu hukata tamaa papo hapo. Lakini mafundi hawahitaji kununua kwa fedha za mifukoni mwao. Wanaunda chombo cha kisheria, kiwe ushirika au mfuko wa udhamini. Chombo kinainunua karakana kwa deni. Deni linalipwa kwa faida ya karakana yenyewe. Milioni 20 kila mwaka zinakwenda kwa mzee, milioni 10 zinabaki za vyuma na za mashine zinazokufa bila kuaga. Miaka sita, mzee kalipwa chake. Yaani mzee ndiye benki. Na kwa kuwa ni benki, adai kama benki: mashine ziwe rehani, hesabu azione kila miezi mitatu, na wakishindwa kulipa awe na haki ya kurudi.

Mambo haya yameshafanyika. Pale Deer Isle, kisiwa cha wavuvi wa kambakoche katika jimbo la Maine, Marekani, mume na mke waliokuwa na maduka matatu walitaka kustaafu. Mwaka 2014 wafanyakazi wao zaidi ya 60 waliunda ushirika, wakakopa, wakayanunua yote. Kisiwani duka la vyakula likifungwa, mtu huvuka daraja kwenda kununua mkate. Kwa hiyo walionunua walikuwa wakiokoa ajira zao na pia kapu la jirani.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi, wakaliweka katika sheria. Tangu 2014, mwenye kampuni anayeuza zaidi ya nusu ya hisa kwa mfuko wa udhamini wa wafanyakazi wake hupewa nafuu ya kodi, sharti mfuko uwanufaishe wafanyakazi wote kwa masharti sawa. Mwaka 2019 Julian Richer, aliyefungua duka lake la kwanza la vifaa vya kusikilizia muziki akiwa kijana wa miaka 19, aliuuzia mfuko wa namna hiyo asilimia 60 ya kampuni yake, Richer Sounds. Kisha akampa kila mfanyakazi paundi 1,000 kwa kila mwaka aliotumikia. Waliosifu zile paundi ni wengi. Mimi nasifu ile asilimia 60, kwa sababu zawadi huliwa ikaisha.

Hata hivyo, tusiuze njozi. New Belgium, kiwanda cha bia cha Colorado, kilikuwa mali ya wafanyakazi kwa asilimia 100. Mwaka 2019 wenyewe walipiga kura kukiuza kwa kampuni tanzu ya Kirin ya Japani. Sikuwalaumu, maana mali yao ni yao. Ila mzee anayetaka karakana isiuzwe kwa mgeni aliandike katika katiba ya chombo kabla hajakabidhi funguo, asije akalalamika akiwa barazani.

Kwetu kuna kikwazo ambacho Colorado hawakijui: neno lenyewe. Ukisema “ushirika” mbele ya mzee wa Kilimanjaro, atakukumbusha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha huko, ya 1933 kwa fahari, halafu atakukumbusha 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, hadi sheria ya 1982 ilipovifungulia mlango tena. Ana haki ya kushtuka. Lakini vile vilikuwa vyama vya wakulima wanaouza mazao, na mkono wa juu ulikuwa unavifikia. Watu 12 walionunua karakana wanayoifagia wenyewe kila jioni ni jambo jingine kabisa.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi, nacho kimo kichwani mwa mzee. Bei alizokubaliana na mwenye vyuma, mteja anayelipa kwa kuchelewa lakini hulipa, nani anadaiwa: hayo yote hayamo kwenye daftari. Siku akianguka, mafundi wanarithi mashine zisizo na wateja, na wanandugu wanarithi ugomvi. Kumbe mauzo yakifanyika mapema, mbele ya wanafamilia, wakaelewa na kutia saini, mirathi yenyewe hubadilika: watoto wanarithi haki ya kulipwa deni kila mwaka, si jenereta la kugombaniwa.

Mapema ni lini? Mimi nasema miaka mitano kabla ya siku anayotaka kupumzika. Mwaka wa kwanza fundi mkuu afundishwe kusoma hesabu za faida na hasara. Wa pili asimamie manunuzi. Wa tatu azungumze na wateja mzee akiwa kimya, na hili ndilo gumu kuliko yote. Anayejua kuchomelea hawi kiongozi kwa sababu tu amepewa hisa.

Kwa hiyo, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mwekeeni fundi wenu mkuu daftari la mauzo mezani, mmwambie alisome kwa sauti. Pale atakapokwama, muanzie hapo.