Maneno ya Kortini

Ndugu wafanyakazi,

Mtu asiyejua maneno ya korti aweza kupoteza haki yake huku amesimama mbele ya hakimu. Basi tuyashike haya.

Samansi ni wito wa korti. Usiifiche mfukoni: katika kesi ya madai, usipofika, hukumu yaweza kutolewa bila wewe kusikizwa. Mdai ni mwenye kuleta madai. Mdaiwa ni mwenye kudaiwa. Kesi kutajwa si kusikizwa; kwa kawaida siku hiyo hupangwa tarehe tu. Dhamana si faini: ukihudhuria mpaka mwisho, fedha hurudishwa.

Mshtakiwa akisomewa mashtaka akajibu “ni kweli”, amekiri kosa. Usilitamke neno hilo kwa woga wala kwa kutoelewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yampa mkalimani bila malipo mshtakiwa asiyefahamu lugha ya korti.

Nawe uliyefukuzwa kazi, usikawie. Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa miaka 3 tu kufungua madai. Njoo ofisi ya chama na barua zako zote.

Kuuliza si aibu, ndugu zangu.