Tezi Shingoni, Maradhi Machoni: Funzo Kutoka Stockholm

Mtu aonapo macho yake yametokeza, yamekuwa mekundu na yanatoka machozi, hukimbilia miwani au dawa ya matone. Kumbe chanzo chaweza kuwa maradhi yaliyoanzia shingoni. Kinga ya mwili ikiishambulia tezi ya thairoidi, tezi hiyo hutoa homoni kupita kiasi. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mwili hukonda. Kinga hiyohiyo huweza kuvimbisha misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, nalo likasukumwa nje.

Tiba ya tezi ni ya namna tatu: vidonge, upasuaji, au iodini yenye mionzi. Je, zote ni salama kwa macho? Swali hilo lilichunguzwa mjini Stockholm, Sweden, na Leif Tallstedt na wenzake, waliotangaza matokeo yao mwaka 1992. Miongoni mwa wagonjwa wenye umri wa miaka 35 hadi 55, maradhi ya macho yalianza au yalizidi kwa asilimia 10 ya waliopewa vidonge, asilimia 16 ya waliopasuliwa, na asilimia 33 ya waliopewa iodini. Tiba iliyoituliza tezi iliweza kuliumiza jicho. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walionyesha kuwa vidonge vya prednisoni, vikitolewa pamoja na iodini, huweza kuyakinga macho.

Jicho lenyewe hutibiwa kwa kuangalia wakati. Uvimbe ukiwa bado mkali, dawa za jamii ya steroidi hutiwa mshipani, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 12, huku ini likichunguzwa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mpya, teprotumumab, ambayo hupunguza kutokeza kwa macho, lakini yaweza kudhuru usikivu.

Upasuaji wa jicho husubiri maradhi yatulie, kwa kawaida miezi sita, nao una utaratibu wake. Kwanza hupanuliwa tundu la mfupa ili jicho lirudi ndani. Kisha hurekebishwa misuli, kwa anayeona vitu viwiliviwili. Kope huwa za mwisho. Anayeanza na kope huenda akarudi kupasuliwa tena, kwani hatua za kwanza huzibadilisha.

Lipo jambo moja lisilosubiri. Rangi zikififia au nuru ikipungua, huenda mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa, na mgonjwa hana budi kufika hospitali siku hiyohiyo.

Sigara huyazidisha maradhi haya na kudhoofisha tiba yake. Kuiacha ni hatua ambayo mgonjwa aweza kuianza leo. Na kabla ya kukubali iodini, amwulize daktari wake swali lile la Stockholm: na macho yangu je?