MBWA AKIMEZA DAWA ZETU
(Maneno ya Katibu wa Ghala mbele ya mkutano wa wanachama)



Wiki jana Simba, mbwa wa ghala letu, alitafuna pakiti ya dawa ya maumivu iliyokuwa katika koti langu. Koti nilililitundika mwenyewe kwenye msumari wa chini. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Watu wakaja mbio, huyu na maziwa, yule na maji ya chumvi, mwingine na mafuta ya kupikia. Nia njema, lakini hapana jamani! Maziwa hayaondoi sumu hiyo. Chumvi nyingi nayo ni sumu, na mafuta ya kunyweshwa kwa nguvu huweza kuingia mapafuni.

Bwana Mifugo aliuliza mengine kabisa: dawa gani, vidonge vingapi, saa ngapi, mbwa ana uzito gani. Bahati niliiokota ile pakiti: ibuprofeni, vidonge vinne havipo. Hiyo huchubua tumbo na kuharibu figo. Akamtapisha yeye mwenyewe, kwa kuwa tuliwahi. Tungengoja mpaka dalili zionekane, tungechelewa.

Paka ndiyo hatari zaidi. Kidonge kimoja cha parasetamoli, miligramu 500, chaweza kumwua. Ufizi ukigeuka kahawia, uso ukavimba, akawa anahema, mkimbize kwa Bwana Mifugo. Tena wapo humu wanaompa paka kidonge hicho kwa makusudi, eti ana homa. Acheni.

Simba yupo pale mlangoni, anakula. Sasa naomba kila mwenye dawa kwenye koti aitoe, ndipo tuingie kwenye hesabu za pamba.