Mapenzi ya Karantini

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumzie hadithi za mapenzi. Najua wapo watakaoguna, waseme mtu wa makamo kama mimi ana habari gani na mambo hayo. Lakini hadithi hizi ndizo zinazosomwa. Muulize muuza magazeti yeyote ni ukurasa gani wateja wake wanaanza nao. Kinachosomwa na wengi kinastahili kuzungumzwa.

Tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020, waandishi wetu wamepata uwanja mpya. Nimesoma hadithi kadhaa za aina hiyo, nyingine zikitumwa kwa simu sehemu kwa sehemu, na nyingi zinafanana kama mapacha. Kijana na binti wamefungiwa ghorofani. Chakula kinaletwa mlangoni. Jioni wanasimama barazani wakitazama barabara isiyo na mtu, na kabla amri ya kukaa ndani haijaondolewa, wamekwisha kupendana. Halafu mwandishi anatuambia kuwa hayo yametokea Tanzania!

Ndugu zangu, Tanzania ipi hiyo? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi, 2020, akiwa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Lakini amri ya wananchi wote kujifungia majumbani haikutolewa. Hapa Nyalikungu, mjini Maswa, bodaboda ziliendelea kupakia na soko liliendelea kuuza. Msimu wa pamba ulipofika, wakulima walivuna. Tulichokuwa nacho ni ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa duka, barakoa, nyungu ya majani chini ya blanketi, na hofu ya kupeana mikono.

Wenzetu wa Kenya waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, 2020, na mwezi uliofuata Nairobi ikafungwa, watu wasiingie wala kutoka. Uganda nao walizuiwa majumbani. Mwandishi wa huko akisimulia wapenzi waliofungiwa, anasimulia alichokiona. Wetu anaazima, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Sisemi kwamba maradhi na mapenzi visikae katika kitabu kimoja. La hasha! Boccaccio wa Italia, baada ya tauni kuipiga Florence mwaka 1348, aliandika juu ya wanawake saba na wanaume watatu waliokimbilia shamba, wakasimuliana hadithi 100, nyingi zikiwa za mapenzi. Gabriel García Márquez wa Kolombia, katika riwaya yake ya mwaka 1985, anawapandisha meli wapenzi wazee, kisha bendera ya kipindupindu inatundikwa ili mtu asiwasumbue. Na hapa kwetu William Mkufya, katika Ua la Faraja ya mwaka 2004, aliwaandikia Watanzania juu ya mapenzi na UKIMWI bila kuazima mji wa mtu.

Basi karantini yetu ilikuwa wapi? Ilikuwapo kwa wasafiri waliotoka nje, waliotakiwa kukaa siku 14 mahali palipotengwa, kwa gharama zao wenyewe. Fikirini mchumba aliyerudi baada ya miaka, anamwona mwenzake kwa mbali tu, na bili inapanda. Ilikuwapo Namanga, ambako madereva wa malori walikaa foleni wakisubiri kupimwa, na tarehe 16 Mei, 2020, Kenya ikafunga mpaka wake na sisi isipokuwa kwa mizigo. Mume upande huu, mke upande ule. Hizo ni hadithi, na ni zetu.

Lakini ipo nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Msikilizaji mmoja alituletea hadithi yake akiomba isomwe hewani. Shule zimefungwa. Binti wa kidato cha pili yuko nyumbani, mama yuko shambani. Mfanyabiashara mwenye umri wa kutosha kumzaa anamnunulia simu, kisha vocha, kisha kanga. Mwisho ng'ombe wanahesabiwa, vigelegele vinapigwa, na mwandishi anaandika kwamba waliishi kwa raha.

Nilikataa kuisoma. Wapo wenzangu walioniambia, "Acha hizo, ni hadithi tu." Nami nasema, kwa jirani zetu hiyo si hadithi tu. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Ni zaidi ya miezi mitatu. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inampa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Wakati ule binti mwenyewe akipata mimba alifukuzwa shule. Ruhusa ya kurudi baada ya kujifungua ilitangazwa na Serikali Novemba 2021. Kwa aliyepata mimba wakati wa Korona, kengele ya tarehe 29 Juni ililia kwa ajili ya wengine.

Msichana wa miaka 15 akisikia redioni kwamba vocha ndiyo mapenzi, nani atamwambia vinginevyo jioni ile mtu atakapomjia na vocha?

Sijamfukuza mwandishi yule. Ana kalamu nzuri, na sura ya kisimani aliyoiandika ningependa kuisoma tena. Nimemwomba airudie hadithi, safari hii amfuate binti mpaka asubuhi ya kufungua shule, atuambie ni dawati la nani lililokuwa tupu na mwenye dawati alikuwa anafanya nini saa ile. Akitaka mapenzi, hayakosekani. Wapo wauguzi, wapo madereva, wapo watu wazima waliopendana wakiwa wamesimama hatua mbilimbili. Hao wanaweza kupigiwa vigelegele bila mtoto kulipa gharama.

Akimaliza, nitaisoma. Kwa leo ni hayo, wasikilizaji. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.